Lori la Baba na Sauti ya Wifi

Juzi wameniletea matofali. Mwanangu anajenga hapa nyuma, na lori lililoyaleta ni la siku hizi, halina hata harufu ya oili. Lilipoanza kurudi nyuma kuingia uani, mwenzangu, nikasikia mwanamke anaongea ndani ya chuma. Sauti laini, ya mtu aliyeshiba, inatokea puani, sijui Kizungu, sijui Kichina, maneno yale yale, yale yale. Nikamuuliza dereva, "We baba, umemfungia nani humo?" Kijana akacheka. "Bibi, hiyo ni kengele ya kurudi nyuma. Inaonya watu wakae pembeni." Nikamwambia, "Na dereva mwenyewe, anamsikia?" Akasema, "Mimi nishamzoea bibi, hata simsikii tena."

Nikaingia jikoni, nikakaa kwenye kinu. Wakadhani jua limenipiga.

Halikunipiga jua. Nilikuwa nimerudi Ikolo, kule Kyela, kwa baba yangu, mimi ni msichana wa kuchota maji bado, meno yote mdomoni, mdomo wenyewe haufungi. Maana wewe unanijua. Mimi toka utotoni nilikuwa naiga watu. Mchungaji akikohoa, nakohoa. Bibi yangu akitafuta ugoro wake, nautafuta na mimi, nimejipinda vilevile. Nilichapwa sana kwa hilo, na waliokuwa wananichapa walikuwa wanacheka.

Zilikuwa zile enzi za ruksa. Wewe hukuwepo au ulikuwa mgongoni. Kabla ya hapo sabuni ulikuwa unaipangia foleni, na ukiipata unailalia kichwani isiibiwe. Kisha ikatoka ruksa ya kila mtu kufanya biashara, na watu wakatoka kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Mpunga uliokuwa unapelekwa chama cha ushirika tu, sasa anakuja mtu yeyote na mizani yake mpaka mlangoni. Kakao hivyohivyo. Mitumba ikamwagika Kyela mjini, wanaume wakaanza kuvaa makoti ya baridi kwenye joto lile la ziwani, jasho linawatiririka, wanasema wamependeza. Na baba yangu akauza ng'ombe, akaenda kwenye mnada wa ofisi moja iliyokufa, akarudi na lori.

Lilivutwa na lori jingine kuja nyumbani. Rangi imebabuka kama mgonjwa wa surua, taa moja imetoka nje kama jicho la chura. Bibi, mama yake baba, alitoka na upawa mkononi, akalizunguka lote, akasema, "Mwanangu, mbona umetuletea marehemu? Tuite watu?"

Baba hakucheka. Alikuwa mtu wa taratibu, na ulimi wake wa Kinyakyusa ulikuwa haumsaidii kwenye maneno mengine. "Mama, hili gali halijafa. Limelala."

Na kweli aliliamsha. Alikuwa hajasomea, alijifunza kwa kuinama. Yeye alikuwa anasema, "Gali ni kama mtoto mchanga. Halisemi panapouma, linalia tu. Wewe sikiliza kilio." Asubuhi anapanda, anazungusha ufunguo, sisi wote kimya kama kanisani. Likisema "ka!" mara moja na kunyamaza, anaangalia taa. Taa zikififia, basi betri imechoka, au vile vichwa vyake vimeota ukungu mweupe, nakimbia kuleta maji ya moto tuoshe. Taa zikibaki kali, ni stata imelala, kaka anaingia chini na nyundo, anaigonga kidogo. Baba anapiga kelele, "Kwa adabu! Usiipige kama mwizi!" Na likizunguka, "weee-weee-weee," halafu halishiki, baba anatabasamu, maana hapo umeme umeshamaliza kazi yake, sasa tunafuata mafuta. Analegeza nati juu ya pampu, anapiga pampu kwa mkono. Linatoka povu. Povu maana yake kuna upepo umeingia njiani. Unapiga, unapiga, mpaka povu liishe, dizeli itoke nzima kama mkojo wa ng'ombe. Unakaza. Unawasha. "Gru, gru, grrrrr!" Moshi mweupe, kuku wanakimbia, bibi anafunika chungu chake cha ndizi asipate masizi.

Lakini kila alichokitengeneza alikitengeneza kwa alichonacho, maana spea za lori lile zilikuwa hazipatikani tena popote, hata kwa ruksa. Tenki lilitoboka, akaziba kwa mche wa sabuni, na nakwambia sabuni ikilowa dizeli inang'ang'ania kuliko gundi. Mkanda wa feni ulikatika njiani, akasokota kipande cha khanga ya bibi, tukafika. Fyuzi ikiungua anaweka karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Honi ilikuwa inalia yenyewe ukikata kulia, watu wa Ipinda wakawa wanatupungia mkono wakidhani tunawasalimia. Mwenye duka mmoja wa mjini, Mwislamu mwenye asili ya pwani, tuliyekuwa tunambebea mizigo, alikuwa anatoka kibarazani na kikoi chake, anashika kiuno: "Ewe mzee wangu, kwani hili gari au jeneza lina magurudumu? Yarabi, nawe humo wamtia mwanao!" Na baba anajibu, "Ndaga, ndaga," yaani asante, kama vile amesifiwa.

Breki sasa. Breki ya mkono ilikuwa imekatika kabla hatujalinunua. Ya mguu ilikuwa inataka uipige mara kadhaa ndipo ishike; ukikanyaga mara moja mguu unaingia mpaka chini kama kwenye tope la mpunga. Kwa hiyo kaka, mtoto wa kwanza wa baba, ndiye aliyekuwa utingo na ndiye aliyekuwa breki ya mkono. Alichonga gogo la mti mgumu, pembe moja nyembamba, akalifunga kamba. Lori likisimama kilimani, anaruka, anasukumia gogo nyuma ya tairi, anapiga bodi, "pa! pa!" Baba akisikia hivyo ndipo anatoa mguu. Walielewana wale wawili kama mkono na mdomo. Kaka alikuwa mrefu, mchekeshaji, ana mwanya. Akipanda nyuma anaimba. Mimi nilikuwa nampenda kuliko mtu yeyote, nakwambia bila haya.

Halafu kaka akaoa.

Alimtoa Ikombe, kule ng'ambo ya Matema ambako unafika kwa mtumbwi tu, mlima umeingia ziwani hakuna njia. Kabila lake Mkisi, binti wa kufinyanga vyungu. Wanawake wa kule wanafinyanga kwa mkono, chungu kinatoka chepesi kama ganda la yai. Na walizoea kuitana kutoka mtumbwini mpaka nchi kavu, kwa hiyo wifi yangu alikuja na sauti nene, pana, ya kuvuka maji. Siku ya kwanza alinisalimia uani, "Wifi yangu, hujambo!" kuku wakaruka.

Bibi akamvuta ndani palepale. Maana kwetu sisi, mwenzangu, mke wa mtoto wako unamwogopa na yeye anakuogopa. Ukutila, ndivyo tunavyosema. Haonani na baba mkwe uso kwa uso, hasemi naye, hapiti alipo. Akimsikia anakuja, anaingia migombani au anajifunika kitenge na kugeuka. Kwao walikuwa nalo hilo, lakini si kwa ukali wa kwetu, na si kwa ukali wa baba. Bibi akamwambia, naye bibi alikuwa ananong'ona kama moto wa pumba, "Hiyo sauti, mwanangu, humu ndani uiweke kibindoni. Mkwe wako asiisikie. Ni kama kumvulia nguo."

Akaiweka kibindoni. Nilimhurumia. Akawa ananong'ona na mishipa ya shingo imemsimama, kama mtu amebeba maji asimwage.

Tatizo likaja kwenye biashara. Vyungu vya Ikombe vilikuwa na watu wake huko juu, Tukuyu mpaka Mbeya. Baba akaona tukipakia mpunga na juu yake vyungu, safari inalipa. Lakini vyungu havitaki mpakiaji yeyote. Wifi ndiye aliyejua kuvipanga kwa majani makavu ya mpunga, na njiani anakaa navyo juu, anavipapasa, anakaza kamba. Bila yeye tulikuwa tunafikisha vigae. Kwa hiyo wifi lazima asafiri, na baba ndiye dereva. Sasa watasemaje?

Nikatolewa shule mimi. Darasa la pili lenyewe sikumaliza. Mwalimu alikuja nyumbani, miwani imefungwa kwa uzi, anasema kwa vituo, "Mzee. Mtoto huyu. Ana kichwa." Baba akamjibu, "Ndiyo maana namtaka, mwalimu. Nataka kichwa chenye masikio." Ikaisha hivyo. Mpaka leo nikipewa karatasi naiangalia kwa heshima na kumrudishia mwenyewe.

Kazi yangu ikawa kukaa mbele na baba, dirishani, na kubeba maneno. Wifi juu ya mzigo anajilaza kifudifudi, kichwa kimefunikwa kitenge, anainama mpaka dirishani kwangu, ananong'ona, "Wifi, mwambie baba moshi unatoka tairi la nyuma." Mimi ndani: "Baba, anasema moshi unatoka tairi la nyuma." "Mwambie asante. Muulize, mweusi au mweupe?" Mimi nje: "Wifi, mweusi au mweupe?" "Mweupe." Ndani: "Mweupe, baba." "Mwambie bleki imeng'ang'ania, tutasimama mbele kwenye tambalale." Na kaka nyuma kule anacheka mpaka analia: "We posta! Na mimi mwambie baba nina njaa!"

Vioo vya pembeni baba alivipindua. Kimoja kikawa kinaangalia mbingu, kingine kinamwangalia yeye mwenyewe kidevu. Maana kioo hakijui adabu, kingeweza kumwonyesha uso wa mkwe. Mafundi wa Kyela walimsema, "Mzee, unaendesha mgongo ukiwa kipofu." Alisema kaka yupo nyuma, macho yake yanatosha.

Na safari ya kwanza kabisa, nilipoleta maneno ya wifi, mimi na kiherehere changu nikayaleta na sauti yake, ile nene, nimejaza mashavu. Baba alisimamisha lori. Alipiga breki yake, mara moja, mara mbili, mara tatu, likasimama, akanigeukia, hakuwa na hasira. Akasema, "Maneno lete. Sauti acha hukohuko." Basi. Sauti zote za Kyela niliruhusiwa ndani ya lori lile, ya mwenye duka, ya mchungaji, hata ya stata, baba alikuwa anafuta machozi kwa kucheka. Ile moja tu hapana. Nami niliitii.

Tulienda hivyo misimu miwili ya mpunga. Kama kuna mahali nilikuwa na raha duniani ni kwenye kiti kile kilichochanika, sponji inanichoma mapaja, harufu ya dizeli na usipa mkavu, dagaa wa ziwani kwetu, wifi anatuteremshia ndizi za kuchoma dirishani, moja yangu, moja "mpe baba." Na baba anasema, "Mwambie ndaga fijo," yaani asante sana. Walipendana wale watu. Nataka ulijue hilo. Hawakuwahi kuonana, na walipendana. Baba alikuwa akinunua kitenge mjini anachagua muda mrefu, anasema, "Mpelekee mwenzako." Wifi alikuwa hampikii mtu kwanza kabla ya baba.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, mvua imetoka kukatika. Ile mvua ya kwetu unaijua, ya kupiga mpaka mto unasahau njia. Tulikuwa tunapanda kwenda Tukuyu, mzigo mpunga, juu vyungu. Kwenye mwinuko mmoja mkali, migomba pande zote, chini kidogo kijito, lori likakohoa. "Kho. Kho-kho." Baba akasema, "Upepo." Likakata. Mafuta yalikuwa machache, na kwa vile pua ya lori ilikuwa imeangalia juu, dizeli ilikimbilia nyuma ya tenki, bomba likanyonya hewa. Baba akapigapiga breki ikashika. Kaka akaruka, gogo nyuma ya tairi, "pa! pa!" Baba akatoa mguu. Yote kama siku zote.

Baba akajaribu ufunguo, kimya. Hata "ka" hakuna. Taa hakuna. Akasema, "Leo anaumwa mawili. Umeme na mafuta." Akamwita kaka kutoka dirishani, akampa nusu mche wa sabuni: tenki lilikuwa limeanza kudondosha tena, azibe kwanza kabla hatujatoa upepo, tusije tukamwaga hata kile kidogo. Kaka akalala chali kwenye majani ya mgomba, akajiburuta chini, pale kati ya tairi la mbele na tenki. Miguu yake tu nje. Nikamwona anachezesha vidole kunichekesha. Baba akainama chini ya usukani kutafuta fyuzi iliyoungua, kichwa kimeingia kabisa, anashika karatasi yake ya sigara. Na mimi akanituma, "Kachote maji ya rejeta pale kijitoni, tukimaliza liwe limepoa."

Hakuwa amekosea kunituma. Rejeta ile ilikuwa inakunywa kuliko mlevi.

Wifi alikuwa ameshuka kukaza kamba, amesimama nyuma, mbali na mlango, kama ilivyopasa. Na wakati huo wanawake wa kule juu walikuwa wanashuka na ndizi kichwani kwenda sokoni, kundi zima, na wanawake wa kule wakiliona lori limekwama hawaachi. "We mzee, mbebe mgongoni!" "Mpe uji!" "Kanyaga baba, kanyaga, litanyonya!" Vicheko. Baba alishazoea. Kila mlima ulikuwa na wanawake wake. Hakuinua kichwa.

Wakapita. Nilikuwa nimeinama kijitoni, ndoo inajaa, niliposikia sauti ya wifi.

Sikuwahi kuisikia hivyo toka siku ile aliponisalimia uani. Nene, wazi, ya kuvuka maji. "BABA! KANYAGA! KANYAGA BREKI!"

Gogo lilikuwa linateleza. Wifi alisimulia baadaye, mara moja tu, na mimi nakusimulia kama alivyosema. Udongo ulikuwa umelainika kama unga wa mhogo uliolowa, gogo lilikuwa linarudi polepole, kidogo, kidogo, kama mtu anayesogea kwenye benchi kumpisha mwenzake. Lori linarudi nalo. Hakuna mlio. Kaka yuko chini na sabuni yake, anapiga mluzi.

"BABA! KANYAGA!"

Na baba akasikia. Hilo ndilo. Alisikia vizuri kabisa, aliniambia. Alisikia mwanamke anapiga kelele akanyage, akasema moyoni, bado wanatutania tu hawa. Sauti hiyo alikuwa haijui. Misimu miwili amekula chakula cha wifi, amejua moshi mweupe na moshi mweusi kwa macho ya wifi, na sauti yake alikuwa haijui, hata ya muuza ndizi wa njiani aliijua zaidi. Akaendelea kukunja ile karatasi.

Mimi nilikuwa nakimbia. Nilikuwa napiga kelele na mimi, "Baba, ni wifi! Ni wifi!" lakini nilikuwa chini, na kijito kina makelele yake.

Wifi akamrukia kaka miguu, akavuta. Ndipo lori likaliacha gogo. Baba alipohisi kiti kinatembea akakanyaga, mguu ukaingia mpaka chini, akapiga tena, akapiga tena, ikashika. Lilikuwa limerudi kama urefu wa mtu. Tairi la mbele lilikuwa limesimama kifuani kwa kaka.

Hakufa hapohapo. Alimwangalia mke wake, akataka kusema kitu cha mzaha, nilimjua, mdomo wake ulikaa vile. Damu ikatangulia.

Wale wanawake wa ndizi walirudi mbio, wakatupa ndizi zao kwenye tope, ndio waliotusaidia kulia. Baba alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori, karatasi ya sigara bado iko vidoleni. Akaniuliza, taratibu, kama anauliza bei, "Nani yule alikuwa anaita?"

Nikasema, "Wifi, baba."

"Sauti yake ndiyo ile?"

"Ndiyo ile."

Akaiweka ile karatasi kwenye ngazi, kando yake.

Msiba wa kwetu unaujua, watu wanajaa mpaka migomba inavunjika. Wanaume nje, wanawake ndani na maiti. Wifi alikuwa amekaa kichwani kwa mume wake, hana machozi, sauti imemkauka. Na katikati ya kilio, baba akanyanyuka kule kwa wanaume, akavuka uwanja wote, akaja mpaka mlangoni kwa wanawake. Nyumba nzima ikakata kulia. Mtu hafanyi hivyo. Mkwe wake yupo ndani. Bibi alishika ukuta.

Baba akasimama pale, kofia mkononi, akamtazama. Mara ya kwanza kumtazama. Akasema, "Mwanangu."

Wifi akanyanyuka. Akavuta kitenge, kile alichonunuliwa na baba, akajifunika uso wote. Akageuka, akapita ukutani, mgongo kwa baba, akatokea mlango wa nyuma kwenda migombani. Kama alivyofundishwa. Sawasawa kabisa, hakuna bibi angemkosoa.

Wanawake wakanong'ona, "Mkwe mwenye adabu, hata katika haya." Labda ilikuwa adabu. Mimi nilikuwepo, nilimwona, na mpaka leo hii, na uzee huu, na kuiga kwangu watu wote, sijui ilikuwa nini.

Matanga yalipokwisha, ndugu zake walimfuata. Baba akaniita asubuhi hiyo. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Akasema, "Nenda Matema kabla mtumbwi haujaondoka. Mwambie..." Nikangoja. Nilikuwa nimezoea kungoja maneno yake. Akafungua mdomo, akafunga. "Mwambie nini, baba?" Akanipungia mkono niende.

Nikapanda baiskeli ya mtu mpaka Matema. Wifi alikuwa ameshaingia mtumbwini, maji yanapiga mbao, Ikombe ile ng'ambo imefunikwa na ukungu. Nikaingia majini mpaka magotini. Nikasema, "Wifi, baba amenituma."

"Amesema nini?"

"Hajasema."

Akasema, kwa ile sauti yake ya uani, hakuificha tena, "Basi mwambie nimesikia."

Nilimpelekea baba. Alilala siku ile nzima na uso ukutani.

Lori lilikaa nyuma ya nyumba mpaka mihogo ikaota kwenye bodi. Mafundi walikuja kuomba, huyu stata, yule springi, likaisha kama nyama ya msiba, kila mtu na kipande chake. Vyungu vya Ikombe navyo siku hizi sivioni sana, kila nyumba ndoo ya plastiki, inapigwa jua inapasuka, inatupwa. Na hiyo adabu ya kuogopana imekwisha vilevile. Mke wa mwanangu anakaa kochi moja na baba mkwe wake wanaangalia mpira, anamfokea, "Baba, sogea, umenikalia remoti!" Mimi nacheka, namwiga, wote wanacheka. Bibi yangu angekufa mara ya pili. Mimi sisemi irudi, mimi hilo jambo silitamani. Lakini na zile ndizi za kuchoma zilizokuwa zinateremka dirishani, "moja yako, moja mpe baba," nazo sijaziona tena kwa mtu yeyote.

Baba aliishi miaka mingi baadaye. Hakuendesha tena hata baiskeli, alikuwa anatembea. Na ukitembea naye ilikuwa kazi, maana mwanamke yeyote akipaza sauti barabarani, anaita mtoto wake, anauza usipa, anagombana na jirani, baba alikuwa anasimama palepale alipo. Hata katikati ya tope. Anasimama, anageuka, anatafuta ni nani, na anaita nini. Watoto wa Ikolo walilijua hilo, wakawa wanamchezea, msichana mmoja anajificha migombani anapiga ukelele, wenzake wanacheka. Alikuwa anajua ni watoto. Alikuwa anasimama.